Simu inachaji polepole: ni betri, waya au tundu?

SWALI: Simu yangu yenye tundu la USB-C ilikuwa ikijaa kwa saa moja na nusu. Sasa inachukua saa nne, na waya ukiguswa kidogo chaji inakatika. Ninunue betri mpya?

JIBU: Hapana, betri isubiri. Betri iliyochoka huisha upesi. Haikati chaji kwa sababu waya umeguswa. Mara nyingi tatizo hilo huletwa na vumbi na nyuzi za mfukoni. Kila unapochomeka waya unazishindilia chini, mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho.

Zima simu, mulika tundu kwa tochi, kisha kwangua taratibu pembezoni kwa kijiti cha meno cha mbao kilichochongwa chembamba. Katikati kuna ulimi mwembamba unaopitisha umeme. Usiukandamize, maana ukivunjika itabidi tundu zima libadilishwe. Pini ya chuma usiitumie kabisa, wala usipulize kwa mdomo: unyevu huleta kutu.

Waya ukikaa imara na kasi bado ni ndogo, jaribu waya mwingine, kisha soma maandishi ya chaja. Zidisha volti (V) kwa ampea (A) upate wati, yaani nguvu ya chaja: 5V kwa 2A ni wati 10 tu; 9V kwa 3A ni wati 27. Hata chaja kubwa hushuka kiwango isipoelewana na simu. Kupungua kasi baada ya asilimia 80 ni kawaida.

Mgongo wa simu ukianza kuinuka, acha kuchaji mara moja: betri imevimba, ipeleke kwa fundi bila kuibonyeza.