Kabla ya kuuliza faida ni ya nani, tuulize hasara ni ya nani

Wakuu, mleta mada ameuliza kama ubepari unapaswa kumtumikia mtu binafsi au jamii nzima, na naona tumeshagawanyika. Kuna wanaosema aliyeweka mtaji ndiye aliyejitosa, basi avune chote na wengine wakae kimya. Kuna wanaosema faida ni wizi uliovaa tai. Mimi nilikuwa kundi la kwanza kwa moyo wangu wote. Nimetoka huko kwa kufilisika mara mbili, na ni tofauti kati ya mara hizo mbili inayonifanya niandike.

Kazi yangu ni uchapaji. Mara ya kwanza tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, kwa ubia wa kawaida: mashine moja ya ofseti iliyokwishatumika, mashine ya kukatia, na karatasi za mkopo kutoka kwa msambazaji. Hatukusajili kampuni. Mteja wetu mkubwa akachukua kazi za miezi mitano bila kulipa, kisha akapotea. Sasa kwenye ubia wa namna ile, deni la biashara ni deni lako wewe mwenyewe, mpaka kitanda unacholalia. Tuliuza mashine, haikutosha. Nikauza vya nyumbani. Mwenzangu alipoishiwa kabisa, sehemu yake ikanihamia mimi, maana mdai anaweza kumbana mbia yeyote kwa deni zima. Nilimlipa yule msambazaji kwa miaka minne, huku nikiwa nimeajiriwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo anayeniambia mfanyabiashara hajitosi, namwambia aje tuzungumze.

Zamani ndivyo biashara nyingi zilivyokuwa. City of Glasgow Bank ilipoanguka kule Uskoti mwaka 1878, wanahisa wake walikuwa na dhima isiyo na kikomo, yaani madeni ya benki yaliwafuata hadi kwenye mali zao binafsi. Walikuwa zaidi ya 1,800, na wengi wao walifilisika kwa kudaiwa mara nyingi zaidi ya walichokuwa wamewekeza. Mtu aliyekuwa na hisa chache za kumlinda uzeeni alijikuta nyumba yake inauzwa kwa makosa ya wakurugenzi ambao pengine hakuwahi hata kuwaona.

Dawa ya hofu hiyo ilikuwa imeshapatikana, ingawa benki ile haikuitumia. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya dhima yenye kikomo: ukinunua hisa, unachoweza kupoteza ni kile ulichoweka tu. Kampuni ikifa na madeni, wadai hawabishi hodi kwako. Naomba tusiipite haraka hapa, kwa sababu tumeizoea mno kiasi kwamba tunaiona kama mvua, kitu kilichokuwapo tangu dunia iumbwe. Ilipigiwa kura. Watu walikaa, wakakubaliana kwamba kuanzia leo, mtu akijaribu biashara na kushindwa, sehemu ya hasara yake wataibeba wengine.

Mara ya pili nikawa mjanja. Nikasajili kampuni, nikapata mkopo wa benki kwa dhamana ya mashine, nikaajiri watu kumi na mmoja. Miaka sita tulikwenda vizuri. Faida ilipokuja niliichukua mimi, na sikuona aibu hata kidogo, kwani nilikuwa nakumbuka ile miaka minne. Mwanahisa mkuu nilikuwa mimi. Aliyekuwa halali usingizi wake kamili nilikuwa mimi. Wao walipata mshahara, na mshahara ulikuwa unatoka.

Kisha kazi zikahamia kwenye intaneti. Vipeperushi, kalenda, fomu, vyote vikapungua kwa mpigo. Nilichelewa kukubali, nikaendelea kuchukua karatasi kwa mkopo nikiamini msimu ujao utaniokoa. (Kila aliyefilisika anaujua huo msimu ujao.) Benki ikakamata mashine kwa sababu ndizo zilizokuwa dhamana. Kilichobaki kikaingia kwa mfilisi, yule anayeuza mali za kampuni iliyokufa na kuwagawia wadai. Msambazaji wa karatasi alipata kidogo sana. Wafanyakazi walikuwa wananidai mshahara wa mwezi mmoja na nusu, na walichopata hakikufikia nusu yake.

Mimi nilirudi nyumbani kwangu. Nyumba ilikuwepo. Kitanda kilikuwepo.

Siku ya kukabidhi funguo, fundi wetu wa mashine, mzee aliyeijua ile ofseti kwa kuisikiliza tu inavyolia, alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira. Akaniambia, "Mwanangu, miaka yote ile faida haikunijua. Hii hasara imenijulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kuhusu sheria, kuhusu orodha ya wadai na nani anatangulia. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri somo.

Baadaye nilikuja kusoma kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, nikajiona mle. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Kati ya hisa 20,007, yeye alikuwa na 20,001, na sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wake. Tena alijipa hati ya deni lenye dhamana juu ya mali za kampuni hiyohiyo. Kampuni ilipokufa, wadai wa kawaida walisema huu ni mchezo, kampuni na Salomon ni mtu mmoja. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema hapana: kampuni ni mtu wake peke yake, Salomon ni mtu mwingine, na dhamana ile ni halali. Hukumu hiyo ni mojawapo ya nguzo za sheria ya kampuni hadi leo. Siipingi. Bila hiyo mimi nisingethubutu kuanza tena.

Ila ninachosema ni hiki. Mtu binafsi anayepigania uhuru wa mtaji wake anasimama juu ya jukwaa alilojengewa na jamii. Wanaomkopesha bila dhamana, wanaomfanyia kazi kabla ya kulipwa, wote ni wawekezaji wake, isipokuwa hawana hisa. Wakati wa kugawana faida tunawaambia mtaji haukuwa wenu. Wakati wa kugawana hasara hatuwaulizi.

Wanaomtetea mwanahisa hupenda kumtaja Milton Friedman, mchumi wa Marekani aliyeandika gazetini mwaka 1970 kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida. Sawa, lakini yeye mwenyewe aliweka sharti: ndani ya kanuni za mchezo, bila udanganyifu. Nani anatunga hizo kanuni? Na kama mwenye fedha nyingi anaweza kugharimia watunga kanuni, sharti linabaki na nini? Adam Smith naye, mwanafikra wa Uskoti anayeitwa baba wa uchumi wa soko, ambaye wengi humtaja bila kumsoma, mwaka 1776 alikuwa na mashaka makubwa na kampuni za hisa, akiona kwamba wakurugenzi wanaosimamia fedha za wengine hawatazilinda kama fedha zao.

Mwaka 2008 tuliliona hilo kwa ukubwa wa dunia. Marekani iliiacha benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ife mwezi Septemba, na siku moja tu baadaye ikaiokoa kampuni ya bima ya AIG. Mwezi uliofuata Bunge lao likaidhinisha hadi dola bilioni 700 za kuokoa mfumo wa fedha. Nakubali fedha nyingi zilirudishwa. Lakini bonasi za miaka iliyotangulia hazikurudi, na waliopoteza kazi hawakurudishiwa miaka yao. Faida ilikuwa ya mtu binafsi, hasara ikawa ya ukoo mzima.

Kwa ndugu wanaosema faida ni wizi, sina maneno mengi. Nimefanya kazi kwenye kitengo cha uchapaji kisicho na mwenyewe, mashine ikaharibika kifaa kidogo ikalala miezi kadhaa, hakuna aliyejali. Tamaa ya mtu kupata chake ni injini, ukiizima hakuna kinachosogea. Mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, China, wakulima wa kaya 18 waliwekeana mkataba wa siri kugawana mashamba ya ushirika, kila kaya ilime sehemu yake, itoe fungu la serikali, ziada iwe yake. Mavuno yaliruka. Wapenda soko hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mtu binafsi, na ni kweli. Lakini wanaruka kifungu kimoja. Katika mkataba uleule waliahidiana kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Yaani kabla ya kugawana faida, walishagawana hasara. Kila mmoja akiwa anajua, mchana kweupe, anabeba nini.

Hapo ndipo ninapopima mimi. Ujerumani, kwa sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 hutoa nusu ya viti vya bodi ya usimamizi kwa wawakilishi wa wafanyakazi, ingawa kura ya mwisho ya mwenyekiti kwa kawaida hubaki upande wa wanahisa. Ubepari haujafa kule. Na ushirika nao si pepo: Fagor, kampuni ya vyombo vya umeme iliyokuwa ndani ya kundi la ushirika la Mondragón kule Hispania, ambako wafanyakazi wanachama ndio wamiliki, ilifilisika 2013, na wanachama waliokuwa wameikopesha akiba zao waliumia. Ila wengi wao walihamishiwa kwenye ushirika mwingine wa kundi hilo badala ya kutupwa nje. Hawakuhitaji kuuliza hasara imewajulia wapi, walikuwa wamepiga kura.

Nimeanza tena, safari hii kidogo, watu wanne. Ni kampuni ya dhima yenye kikomo vilevile, sijifanyi mtakatifu. Hisa ni zangu. Lakini mishahara ya miezi miwili inakaa kwenye akaunti ya pembeni iliyo chini ya wadhamini wanaoitunza kwa niaba ya wafanyakazi, ambayo haimo kwenye dhamana ya mkopo wowote, na kabla ya kuchukua karatasi nyingi kwa mkopo nawaonyesha wafanyakazi hesabu, wanajua tunadaiwa kiasi gani na nani. Benki haikupenda, ikaniongezea riba kidogo. Nimekubali kuilipa.

Yule mzee yuko nami. Kila mwisho wa mwezi huja mezani kwangu, havai hata miwani, anaomba aione taarifa ya ile akaunti. Namsomea tarakimu, anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye mashine.