Kura ni yako hata kama mnaishi nyumba moja

Dada, umeuliza ufanyeje: mumeo anataka nyumba nzima impigie mgombea mmoja, na wewe kazi na watoto havikuachii nafasi ya kufuatilia kampeni.

La mumeo kwanza. Kura ni siri kwa sababu za namna hiyo hiyo. Makoloni ya Victoria na South Australia, huko Australia, yalipoanzisha kura ya siri mwaka 1856, kusudi lilikuwa kuzuia vitisho na rushwa, bosi asijue nani kampigia nani. Msikilize, mjibu kwa heshima, lakini humdai wala hakudai maelezo. Pale kwenye kijumba cha kura unasimama peke yako.

Kuhusu muda, mikutano yote ya nini? Mimi nilichukua daftari la mwanangu, ukurasa wa nyuma kabisa, nikaandika wiki nzima kila kilichotukwamisha: bomba kukauka, foleni ya zahanati huku mtoto anachemka homa mgongoni, darasa kujaa mpaka wengine wanakaa chini. Kisha nikatafuta kila moja linasimamiwa na nani. Hapo ndipo wengi tunapokosea, na inaniuma: tunambana mgombea urais kwa taka za mtaani, halafu wagombea wa serikali za mitaa hata majina yao hatuyajui.

Anayetetea kiti, angalia alichokifanya akiwa nacho. Mgeni, mwulize fedha zitatoka wapi.

Na hakikisha mapema jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura. Sehemu nyingi, siku yenyewe unakuwa umeshachelewa.