Pikapu ya Land Cruiser 45: breki kwanza, pawa stelingi baadaye

Mwenye pikapu ya Land Cruiser 45, zile zilizoacha kutengenezwa mwaka 1984, akifika gereji huanza na usukani. Atakwambia ni mzito, mabega yanamuuma, kugeuza gari sokoni ni vita. Breki atazitaja mwishoni, tena kwa kucheka: "Hizo tunapampu tu, fundi." Ndugu yangu unayeingia kwenye kazi hii, hapo ndipo pa kumkatalia. Usukani mzito unamchosha kila siku, kwa hiyo anaukumbuka. Breki mbovu anaisahau mpaka siku anateremka mlima Kitonga na gunia za mahindi nyuma. Na ukimlainishia usukani, mwendo utaongezeka, hilo halina mjadala.

Lakini kabla hujamtajia bei ya kuweka breki za diski, fungua dramu, yaani ngoma ambayo viatu vya breki huibana kutoka ndani. 45 nyingi zina dramu miguu yote minne, na kila mguu una wili silinda mbili za kusukuma viatu, kila silinda na nyota yake ya kurekebishia. Nyota nane kwa gari zima. Wengi wanarekebisha zile zinazofikika kirahisi, wanafunga, wanaita dereva ajaribu. Matokeo yake kiatu kimoja kinafanya kazi yote, mwenzake hata hajagusa dramu. Pedeli inazama na gari linavuta upande. Inua tairi, zungusha nyota mpaka tairi lishikwe kabisa, kisha rudisha jino moja moja hadi lizunguke kwa mkwaruzo mdogo. Kanyaga pedeli mara moja ili viatu vikae katikati, pima tena, hamia nyota ya pili. Wapo wateja waliokuja na hela ya diski wakaondoka na breki nzuri kwa bei ya viatu vipya. Waache waende.

Diski inahitajika kweli kwa gari linalobeba mzigo milimani au linalovuka mito. Dramu ikipata moto inapanuka na kukimbia viatu, na ikiingia maji hushika vibaya mpaka ikauke. Hapo badilisha miguu ya mbele tu. Dramu za nyuma zikiwa sawa zinatosha. Vifaa vya mbele vichukue kutoka gari moja: spindo, habu, diski, kalipa inayobana pedi kwenye diski, na mabano yake. Ukichanganya habu ya huku na kalipa ya kule, utashinda unachonga wosha. Jaribu na rimu za mteja kabla hujamwaga fluidi, maana kalipa inaweza kugusa rimu ya zamani.

Sasa masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli kupeleka fluidi kwenye miguu yote, ambayo ndiyo inaharibu kazi nyingi za diski. Kwenye mdomo wa masta silinda ya dramu, pale paipu inapofungwa, kwa kawaida kuna kivalvu kidogo chenye springi. Kazi yake ni kubakiza presha kidogo kwenye paipu ukiachia pedeli. Dramu inaipenda presha hiyo, diski haiitaki. Ukiiacha, pedi haziachii: gari linatoka gereji vizuri, baada ya kilomita chache linakuwa zito, ukidondoshea maji kwenye diski yanachemka papo hapo. Fundi asiyejua atabadilisha kalipa, halafu beringi. Kitoe kivalvu upande wa mbele, kiache upande wa nyuma kwenye dramu. Njia safi zaidi ni kununua masta silinda iliyotengenezwa kwa diski mbele na dramu nyuma. Kama gari bado lina masta silinda ya njia moja, ambayo paipu moja ikipasuka breki zote zimekwenda, basi hela ya kwanza ya mteja iende hapo, hata kama diski zitasubiri.

Angalia pia kipenyo. Ukitoa masta silinda ya inchi 7/8 ukaweka ya inchi 1, eneo la pistoni linaongezeka kama asilimia 30, na kwa nguvu ile ile ya mguu presha kwenye kalipa inashuka karibu robo. Pedeli itakuwa fupi na ngumu, mteja atafurahi akiikanyaga gari likiwa limesimama, na barabarani litasimama vibaya kuliko mwanzo. Kipenyo kikubwa kinadai busta, kifaa kinachotumia vakyumu kuuongezea mguu nguvu. Injini ya petroli inaipa busta vakyumu kutoka manifoldi. Injini zake za dizeli, kama 2H, hutegemea pampu ndogo ya vakyumu iliyoko nyuma ya alteneta, inayolainishwa na oili ya injini. Usikubali kufunga alteneta yoyote ya mtumba kwa sababu tu inachaji. Ikikosa pampu hiyo umebaki na busta ya pambo.

Fluidi: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 140. DOT 4 ni 230 na 155, na tofauti ya bei haizidi soda chache. Kamwe usiongezee haidroli kwenye breki. Raba zinavimba, na utabadilisha kila kapu kuanzia masta silinda mpaka nyuma. Kutoa upepo anza na mguu ulio mbali na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia, huo ni wa nyuma kushoto.

Breki zikishika, njoo kwenye usukani. Mfumo wa asili wa 45 una tairodi endi sita (viungo vya mwisho wa fito za usukani) na mkono wa katikati kwenye chesisi, na kila kimoja kina uchezaji wake. Mwambie mtu achezeshe usukani kidogo kidogo huku wewe uko chini, vidole juu ya kila kiungo. Kilicholegea utakihisi kabla hujakiona. Kagua na beringi za nakoo, pale gurudumu la mbele linapogeukia. Maliza hayo kwanza, maana pampu ya pawa stelingi itamficha dereva uchakavu ambao mikono yake ilikuwa inaujua.

Boksi ya pawa stelingi inayotafutwa sana ni ya Land Cruiser 60. Hakikisha imetoka gari la usukani wa kulia. Usiifunge kwa bolti tupu kwenye chesisi: chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, ukikaza linabonyea, na baada ya miezi bolti zinalegea au chuma kinapasuka. Ingiza bomba nene kwenye kila tundu, lichomelee, na weka bamba nje la kusambaza nguvu. Shafti ya usukani usiiunge kwa kuichomelea mwenyewe. Tafuta viungo vya meno vinavyolingana. Mpira wa presha ubanwe kwa mashine kwenye duka la mipira ya haidroli. Klipu ya skrubu ni ya upande wa kurudishia peke yake.

Jaza ATF (mafuta ya gia otomatiki), nyanyua magurudumu ya mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, ongeza mpaka mapovu yaishe, ndiyo uwashe. Kopo la ATF likae mbali na kopo la breki, yote yaandikwe.

Mwisho pandisha tairi moja la mbele juu ya jiwe kubwa, kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Chungulia mipira ya breki na ya stelingi: usione uliovutika wala unaogusa tairi. Mteja arudi baada ya wiki moja ya mizigo, ukaze bolti za boksi tena.