Mama wa mizigo na mikono ya Sarah Connor: jibu langu kuhusu wanawake katika filamu za mapigano

Swali lilikuwa hivi: ni kweli watazamaji wa kwetu hawataki mwanamke awe akteri, yaani shujaa mkuu, wa filamu ya mapigano, na sehemu ya pili ikishajaa mabomu na magari yanayoruka, basi watu wameridhika? Wengi waliotangulia kujibu wamesema ndiyo. Nawaheshimu, ila nadhani wanachokumbuka ni kelele za vijana wa benchi la mbele, na benchi la mbele si ukumbi mzima.

Mimi nimekulia ndani ya ukumbi. Mjomba wangu alikuwa na chumba cha video mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, si mbali na soko: kuta za mbao, mabati, benchi kumi na nne, televisheni moja ya mgongo mnene, na jenereta ambayo sisi huku tunaiita grupu. Mimi nilikusanya faranga 100 mlangoni na kumimina mafuta umeme ukikatika. Mjomba alitafsiri. Diski zilikuja zikiongea Kifaransa, naye alisimama kando ya televisheni na kijiti chake, akitoa kwa Kiswahili kila alichosikia na vingi ambavyo hakuna aliyevisema.

Ukumbi ulikuwa na msamiati wake. Akteri ni yule ambaye hafi. Shefu bandi ni adui mkubwa, huyo lazima afe, na afe mwishoni, akifa mapema watu wanadai pesa yao. Mwanamke hakuwa na cheo. Aliitwa bibi ya akteri, yaani mke wake au mchumba wake, hata kama ndiye aliyeshika usukani na bunduki na akteri amelala nyuma anavuja damu.

Na tuliokuwa tunawapa majina hayo tulikuwa wanaume watupu. Msichana hakuingia pale. Kulikuwa na moshi, giza na mikono isiyo na adabu, na akiingia, jioni habari imeshafika kwa baba yake. Kwa hiyo ukiniambia kwamba "watazamaji" wa miaka ile walimcheka mwanamke anayepigana, nitakuuliza kwanza mlango ulikuwa unamruhusu nani.

Siku moja mvua ilivunja utaratibu huo. Mvua ya Bukavu mnaijua, udongo wenyewe unashuka kilima. Mama kama kumi na watano wa sokoni walikimbilia kwetu na mabeseni yao, na mjomba, ambaye hakuwa mtu wa kutoa kitu bure, aliwaacha wakae. Kwenye televisheni kulikuwa na Terminator 2, ile ya 1991. Mliotazama ya kwanza, ya 1984, mnakumbuka Sarah Connor alivyokuwa: msichana anayehudumia mezani mgahawani, anawindwa na mashine, anakimbia. Katika ya pili tunamkuta amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kitanda amekisimamisha wima, amening'inia kwenye chuma chake anajivuta juu, anashuka, anajivuta tena. Linda Hamilton, aliyemwigiza, alifanya mazoezi makali kweli kwa ajili ya sehemu hiyo, na mikono ile unaiona.

Kati ya wale mama kulikuwa na mmoja wa mizigo. Wasio wa huku wajue kwamba Bukavu kuna wanawake wanaobeba magunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, wanapanda nayo milima hii yetu. Alikuwa ameikalia kamba yake ili isilowe. Akatazama kimya, halafu akauliza kwa sauti: "Huyu mikono alitoa wapi? Anabebaka nini?"

Mjomba akaona nafasi ya kung'ara. Akainua kijiti: "Mama, huyu amebeba dunia nzima!"

"Hapana, papa. Niko nauliza kilo."

Ukumbi mzima ulicheka, lakini mimi sikulisahau swali lile, na kila filamu ya mwanamke anayepigana nimeipima nalo tangu siku hiyo. Nguvu hii ameipata wapi? Amebeba nini, kilo ngapi, kwa muda gani? Sarah Connor alikuwa na jibu. Na baadaye, anapokwenda nyumbani kwa yule mhandisi Dyson kumuua kabla hajazitengeneza mashine zinazomwinda mwanawe, akamjeruhi, mtoto wa Dyson akajitupa juu ya baba yake, naye akashindwa kumaliza, vijana walimpigia miluzi wakimwita mwoga. Nilitegemea wale mama wamtetee, waseme ni mzazi, roho imemwuma. Mama wa mizigo akasema, "Miye ningepiga. Mtoto wake alimwachia nani?" Mwingine akamjibu kwa ukali, wakaanza kubishana, mjomba akaacha kabisa kutafsiri maana hakuna aliyemsikiliza. Sijawahi kusikia mjadala kama ule kuhusu filamu, tangu siku ile mpaka leo.

Mvua ilikatika kabla filamu haijaisha, wakatoka wote mbio kuangalia biashara zao. Kesho yake asubuhi yule mama alipita na gunia, hakusimama, akaniuliza akiwa anatembea: "Ule mtoto aliishi?" Nikamwambia aliishi. "Na mama yake?" Naye pia. Akaendelea kupanda.

Sasa kuhusu mabomu. Terminator 2 ina vitimbi tele: lori linarukia ndani ya mfereji, adui ni wa chuma kinachoyeyuka na kujiunga upya. Kwa hiyo sikubali kwamba fahari ya macho ndiyo inayoua wahusika wa kike. Tatizo ni jinsi hesabu inavyopigwa mezani mwa wahariri. Sehemu ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza, muda hauongezeki sana, basi kitu kipunguzwe, na kinachopunguzwa mara nyingi ni mazungumzo. Mwanamke wa filamu hizi kwa kawaida amepewa mazungumzo zaidi ya risasi. Yakikatwa hayo, amebaki nywele na miguu.

Chukua Aliens ya 1986. Ripley, mwanamke ambaye ndiye shujaa wake, amelala usingizi wa barafu angani miaka 57. Anapoamka anaambiwa kuwa binti yake, aliyemwacha mtoto mdogo, amezeeka na kufa. Kipande hicho ndicho kinachoeleza kwa nini baadaye anashuka peke yake, amefunga bunduki na kirusha moto pamoja kwa utepe, kumtafuta mtoto wa kike asiye wake. Toleo lililoonyeshwa sinema lilikikata. Kilirudi katika toleo refu lililotoka miaka ya 90. Nikiwa mkweli, yalikatwa pia mapigano fulani ya bunduki za kujiendesha, kwa hiyo si kwamba mkasi ulimfuata mwanamke tu. Lakini bila zile bunduki filamu haipungukiwi na kitu. Bila yule binti, Ripley ni shujaa ambaye kilo zake zimefichwa. Bado Sigourney Weaver, aliyemwigiza, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile, kwa hiyo alizibeba usoni tu.

Transformers, zile za magari yanayogeuka roboti, sina mengi. Katika ya kwanza, 2007, yule msichana anajua injini, na mwishoni anaendesha lori la kuvuta magari katikati ya vita. Ya pili inamleta kwetu ameinama juu ya pikipiki ili tumtazame. Ya tatu mashine zimerudi, msichana kabadilishwa.

Fast and Furious ndiyo iliyojaza benchi zetu kuliko zote, kwa hiyo nisiipite. Ilianza 2001 na vijana wanaoiba vifaa vya elektroniki kwenye malori. Kufikia 2021 gari limefika anga za juu. Ndani ya safari hiyo yote kuna Letty, mwanamke dereva wa kundi lile. Walimuua katika ya nne, akarudi, na ukumbini watu walishangilia kwa sababu moja kubwa: kwa kuwa hakufa, basi ni akteri! Ndiyo siku ya kwanza nilipomsikia mwanamke anaitwa hivyo na vijana wa Kadutu. Hakuna aliyewahubiria. Lakini angalia anapangiwa kupigana na nani. Ya sita, mwanamke, ndani ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi London. Ya saba, mwanamke tena, Abu Dhabi, naye Letty kavalishwa gauni la sherehe. Kama ndondi, kila mtu na uzito wake. Michelle Rodriguez mwenyewe, anayemwigiza Letty, aliandika hadharani 2017 kwamba huenda akauaga mfululizo huo kama wanawake wake hawatapewa heshima zaidi. Kwa hiyo wanaosema malalamiko haya ni ya wasomi wasiopenda filamu za mapigano, wamwulize yeye.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ufupi. Zile filamu ambazo mwanamke anabakwa mwanzoni ili akteri apate sababu ya kukasirika, mjomba alikuwa anasogeza mbele kwa rimoti bila kusema neno. Kwa kelele zote za ukumbi ule, hapo hakuna aliyewahi kudai kipande chake. Huu ni mji wa Bukavu, mambo hayo vita vimetufundisha bila filamu.

Ukumbi ulikufa simu na fulashi zilipoenea. Leo pale wanauza saruji. Mad Max: Fury Road, ya 2015, niliitazama nyumbani na wadogo zangu, kutoka kwenye fulashi, na ndiyo jibu langu kwa wanaosema ama fahari ya macho ama mwanamke, chagua kimoja. Imepigwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, ni kufukuzana mwanzo hadi mwisho, na aliyeihariri ni mwanamke, Margaret Sixel, akapata Oscar yake, moja kati ya sita za filamu ile. Max, ambaye jina la filamu ni lake, robo ya kwanza amefungwa mbele ya gari kama jogoo wa kupelekwa sokoni. Halafu usiku, kwenye tope, risasi zinaisha. Max analenga, anakosa. Imebaki moja. Hasemi kitu, anampa bunduki Furiosa, yule mwanamke dereva anayekimbia naye, naye anaiegemeza juu ya bega lake, anapiga. Mdogo wangu wa kiume akasema wamemdhalilisha. Dada yangu akamwambia: mtu anayejua kuwa mwenzake analenga vizuri zaidi, na akampa bega, huyo ndiye wa kuolewa naye.

Kwa Wakanda Forever hatujaelewana nyumbani. Chadwick Boseman, aliyeigiza shujaa Black Panther, alifariki 2020, barakoa ya shujaa huyo ikaenda kwa Shuri, dada yake katika filamu, na filamu ina dakika 161 lakini mimi naona safari yake mpaka kuwa mpiganaji imekimbizwa. Kilo hazikupimwa. Dada yangu anasema ninatazama upande usiofaa, kwamba pigano kubwa la filamu ile ni pale malkia Ramonda anapomvua Okoye ujenerali mbele ya kiti cha enzi, wanawake wawili, hakuna mkono unaorushwa. Nimekirudia kipande hicho mara mbili tangu aniambie. Sijamwambia kwamba nimekirudia.