Troponini imepanda, kifua hakiumi

SWALI: Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Siku ya pili kipimo cha damu kikaonyesha msuli wa moyo umeumia, ingawa halalamiki kifua. Ameanzishiwa aspirini na atovastatini tu. Mbona hakupewa dawa ya kupunguza mapigo, kama jirani yetu aliyepata shambulio la moyo?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kutoumwa kifua kusikutulize. Dawa za maumivu za baada ya upasuaji huficha dalili, na wengi wanaoumia moyo namna hii hawasikii chochote. Kinachofichua ni troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia.

Lakini troponini haisemi moyo umeumizwa na nini. Huenda mshipa umeziba, damu imepungua, presha ilishuka mno, mapigo yanakimbia kwa sababu ya maambukizi, au donge la damu limekwama mapafuni. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya saa chache na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hupigwa. Aliyeishiwa damu hatapona kwa vidonge vya moyo.

Aspirini, kwa kawaida miligramu 75 hadi 100 kwa siku, huzuia damu kuganda ndani ya mishipa. Daktari wa upasuaji aridhike kwanza kwamba kidonda hakivuji. Atovastatini, mara nyingi miligramu 40 au 80, hushusha lehemu na kuzuia mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za mishipa yasipasuke. Misuli ikiuma na mkojo ukawa rangi ya chai, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Sasa dawa ya mapigo. Katika utafiti wa POISE wa mwaka 2008, wagonjwa walioanzishiwa metoprololi, mojawapo ya dawa hizo, saa chache kabla ya upasuaji walipata mashambulio machache ya moyo, ila kiharusi na vifo vikaongezeka. Presha kushuka kulichangia. Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika, au namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, kuianzisha ni hatari. Kama mama alikuwa akiitumia kabla, hilo ni jambo jingine: isikatwe ghafla, mwambie daktari leo.

Siku ya kuruhusiwa, hakikisha aspirini na atovastatini zimeandikwa kwenye karatasi yake, maana hapo ndipo husahaulika. Nyonga ikiuma, asinunue ibuprofeni: hupunguza nguvu ya aspirini, huweza kutoboa tumbo na huumiza figo. Aanze na parasetamoli.