Mvua za lala salama: mmeuliza, tumejibu

Masika yakifika Mei hayaagi mara moja. Mvua hunyesha siku mbili mfululizo, ikapusa, jua likawaka, watu wakaanika, kisha usiku radi zikarudi. Barua nyingi za mwezi huu zinahusu juma la namna hiyo. Tumechagua tano.

Redio husema "zimenyesha milimita 40". Milimita ya mvua ni kitu gani, na naweza kuipima mwenyewe? Nina paa la bati na tangi la lita 2,000. (Msomaji, Kibaha)

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita 1 ya mraba. Hesabu nyingine zote zinaanzia hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema "mvua kubwa" humaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, yaani zaidi ya ndoo mbili na nusu za lita 20 kwenye kila mita ya mraba ya uwanja wako.

Kupima si kazi. Tafuta kopo lililonyooka, mdomo na kitako vipana sawa, kama kopo la maziwa ya unga. Lifunge kwenye kigingi, mdomo uwe sentimita 30 hivi kutoka ardhini ili matope yasirukie ndani. Kama mwembe una mita 6, kopo likae mita 12 mbali nao, kwa sababu majani hukinga mvua mwanzoni na kudondosha matone hata baada ya mvua kukatika. Soma kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile vituo vya hali ya hewa vinapopima, kisha mwaga. Maji uliyoyakuta ni mvua ya saa 24 zilizopita.

Wengi hukosea kwa kutumia ndoo. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 na kitako cha 22 hukusanya maji kwa eneo kubwa na kuyarundika kwenye eneo dogo, hivyo rula itakuonyesha karibu mara mbili ya mvua halisi. Kama huna budi kutumia ndoo, au faneli iliyowekwa juu ya chupa, usipime kina. Pima ujazo kwa mililita, gawa kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, kisha zidisha kwa 10. Faneli ya kipenyo cha sentimita 12 ina eneo la 113. Ukikuta mililita 226, imenyesha milimita 20.

Sasa tangi lako. Pima paa kama linavyoonekana kutoka juu, usifuate mteremko wa bati. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25 inaleta lita 2,000, lakini mengine huruka nje ya mfereji na mengine hubaki kwenye bati, kwa hiyo hesabu asilimia 80, lita 1,600. Kulijaza tangi kunahitaji milimita 31 hivi. Milimita ya kwanza, ambayo kwa paa la ukubwa huo ni ndoo nne za lita 20, iache imwagike chini, maana ndiyo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Watu hufanya hivyo mvua za kwanza za Machi, wakifika Mei wanaacha. Paa likikaa kavu siku tatu limechafuka tena, lioshe upya.

Huku kwetu radi hupiga alfajiri. Mama hufunika vioo kwa khanga na kutukataza nguo nyekundu. Je, vinasaidia? Na ikitukuta njiani tufanyeje? (Msomaji, Bukoba)

Kwa heshima yote kwa mama, radi haina habari na rangi wala kioo. Inafuata kilicho kirefu, kilichosimama peke yake, na chenye njia nyepesi ya kufika ardhini. Khanga juu ya kioo haidhuru. Ubaya wake ni kwamba dakika zile za kufunika vioo ndizo zilizofaa kuchomoa televisheni na waya wa antena.

Kuhusu alfajiri: usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea Ziwa Victoria kutoka kila upande, hukutana katikati na kusukuma hewa yenye unyevu juu, mawingu ya radi yakajengeka juu ya maji. Kisha upepo wa mashariki huyasogeza upande wenu wa magharibi, yakawafikia kabla au mara baada ya kupambazuka. Ndiyo maana mvuvi anayerudi na mtumbwi saa 11 alfajiri yumo hatarini kuliko mtu yeyote. Juu ya maji tambarare yeye ndiye kitu kirefu.

Umbali unaupima kwa kuhesabu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, gawa kwa 3, unapata kilometa. Sekunde 15 ni kilometa 5. Usisubiri ifike hapo: ikiwa chini ya sekunde 30 uwe umeshaingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hizi dakika 30 ndizo watu hawana subira nazo. Mvua ikipusa wanatoka kuanua nguo au kufungua mbuzi, na wingu lililowapita bado lina nguvu ya kupiga kilometa 10 nyuma yake.

Ndani ya nyumba kaa katikati ya chumba, mbali na dirisha, bomba la maji na swichi. Usioge, usioshe vyombo kwenye bomba, na usiguse plagi radi ikishakuwa juu yenu. Hiyo ni kazi ya kabla. Simu isiyo kwenye chaji haina neno. Gari lenye bodi ya chuma ni salama vioo vikiwa vimefungwa, lakini pikipiki hapana. Kibanda cha nyasi kinazuia mvua tu.

Njiani, ondoka kileleni, acha jembe na mwamvuli, jitenge na mti mrefu na ua wa senyenge. Mti ukipigwa, umeme hutambaa ardhini kwenye mizizi. Ng'ombe waliojikinga chini yake hufa pamoja kwa sababu miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, na mkondo hupanda huku ukashukia kule. Kwa sababu hiyohiyo wewe usilale chini. Chuchumaa, nyayo zimeshikana, kichwa kimeinama. Mkiwa wengi, achaneni mita kadhaa. Ndala na buti za mpira hazikingi. Umeme uliokata kilometa nzima za hewa hauzuiwi na soli ya sentimita 1.

Aliyepigwa hana umeme mwilini, mshikeni bila hofu. Ikiwa hapumui, anza mara moja kumbonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Msimfukie kwenye udongo. Moyo uliosimama kwa radi mara nyingi unaweza kuamshwa, lakini kwa dakika chache za mwanzo tu.

Mvua hukatika kwetu saa 4 asubuhi na jua likatoka. Saa 8 mchana nasikia barabara ya Jangwani imefungwa. Maji hayo yametoka wapi? (Msomaji, Tabata)

Yametoka Pugu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya huko, unapokea mito mingine njiani, na unapita Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Mvua iliyonyesha Kisarawe asubuhi inahitaji saa kadhaa kufika mjini, nanyi wakati huo mko juani.

Bahari nayo ina mchango. Maji ya bahari yakijaa, mto hauna pa kumwaga. Hali mbaya zaidi ni siku za bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo bahari ya Dar es Salaam hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mvua kubwa ya asubuhi katika siku hizo, tegemea mchana mgumu bondeni hata anga likiwa jeupe.

Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo, na 60 hubeba karibu gari lolote la kawaida. Halafu hujui kama lami ingalipo chini yake. Rudi, zunguka, au ngoja.

Mahindi yangu yamekomaa na yanakaukia shambani. Mvua imerudi wiki nzima. Niyavune mabichi au niyaache? (Msomaji, Mbozi)

Kwanza hakikisha yamekomaa. Pukuchua punje katikati ya gunzi, utazame kitako chake. Doa jeusi likiwepo, punje haiongezi chochote tena, na kila siku ya ziada shambani ni hasara tupu. Kama mvua ni ya siku moja mbili, unaweza kuinamisha gunzi lielekee chini bila kulikata, ganda lifanye kazi ya mwamvuli. Lililosimama wima na kufunguka ncha hukusanya maji kama kikombe, punje zikachipua humohumo.

Kwa mvua ya wiki nzima sisi tunasema vuna. Lakini ukivuna mabichi umehamisha tatizo kutoka shambani kuja nyumbani, na pale uwanjani ndipo mahindi mengi huharibika. Usiyarundike hata usiku mmoja. Ingiza mkono ndani ya lundo la jana, utasikia joto. Joto hilo ni kuvu akianza kazi. Menya maganda, panga magunzi kwenye kichanja chenye paa, kisichozidi mita 1 kwa upana ili upepo upenye katikati. Tenga hapohapo yaliyooza ncha au kutobolewa na wadudu.

Pukuchua yakishakauka kiasi. Usiyapige kwa fimbo ndani ya gunia, kwani punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu, kina kisizidi vidole viwili, na geuza kila nusu saa. Jioni kusanya, funika.

Huna mashine ya kupimia unyevu? Tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia vijiko vitatu vya chumvi, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika mbili tatu, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikiteleza yote chini, umeshuka chini ya 15. Wakati wa mvua chumvi yenyewe huwa na maji, ikaganda hata kama mahindi ni makavu, basi ikaange kidogo kwenye sufuria na iache ipoe kwanza. Ukifaulu jaribio hili bado hujafika: ghala linataka 13.5, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua kali. Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi tu, haikaushi kitu. Ukiwekea humo mahindi yenye maji utakuta yamechacha.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Mafuriko yamepita juu ya kisima chetu cha mkono. Maji yameshatulia na yanaonekana safi. Tuyatumie? (Msomaji, Mkuranga)

Bado. Udongo umezama, lakini maji ya vyoo yaliyoingia pamoja nao hayaonekani kwa macho. Wakati mnasubiri, ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kabisa kwa dakika nzima.

Msikimbilie kukikausha kisima. Ardhi ya pembeni imelowa na ni nzito, na maji ya ndani ndiyo yanayoshikilia kuta. Mkiyatoa yote kwa pampu siku moja, kuta zinaweza kubomoka. Ngojeni maji ya uwanjani yakauke, kisha choteni taratibu mpaka matope yaishe. Injini ya pampu ibaki nje, isishushwe kisimani. Moshi wake hujaa humo bila kuonekana na huua anayeshuka.

Kisha hesabuni maji. Kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara kina, vyote kwa mita. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya mita 3 kina mita za ujazo 2.4 hivi. Tieni jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, lita 1 kwa kila mita 1 ya ujazo. Hapa ni lita 2 na nusu. Ichanganyeni kwanza kwenye ndoo ya maji, mmwage nusu mkiizungusha kwenye kuta, nusu katikati. Chovyeni ndoo na kamba humohumo, maana vyenyewe vimechafuka. Funikeni usiku kucha, mtu asichote.

Asubuhi harufu ya jiki lazima iwepo. Ikiwa haipo, uchafu umeimaliza, rudieni dozi ileile. Ikiwepo, choteni na kumwaga mbali na bustani na bwawa la samaki mpaka harufu iwe hafifu, kisha ndipo mchote ya kutumia. Kabla ya mvua nyingine, inueni ukingo wa kisima sentimita 50 juu ya usawa wa maji ya safari hii. Alama ya tope ukutani bado inaonyesha yalipofika, ipimeni leo kabla mtu hajaipaka chokaa.