Mdomo sungura: ukifika kwa daktari, uliza pia habari za upande mzima

Mwanetu alizaliwa na mpasuko wa mdomo upande wa kulia, na kila daktari tuliyemwona tulimuuliza: je, kulia ni kugumu kuliko kushoto? Swali si la kipuuzi. Mipasuko ya upande mmoja hutokea kushoto takriban mara mbili zaidi ya kulia, kwa hiyo madaktari wengi wamezoea zaidi kushona kushoto. Tena wengi wao hutumia mkono wa kulia, na mpasuko ukihamia upande mwingine, pembe ya kisu na sindano nayo hubadilika. Hiyo si sababu ya kukimbia, bali ya kuuliza bila haya: "Daktari, ya kulia umeshashona mingi?" Wetu alijibu kwa upole. Aliyenuna ni shemeji yangu aliyetusindikiza.

Ila mimi naona lenye uzito zaidi ni upande wa pili ukoje. Kabla ya kukata, daktari huweka nukta za wino mdomoni na kupima upande mzima, yaani usiopasuka: kutoka bonde la katikati hadi kilele cha mdomo, na kutoka hapo hadi chini ya pua. Vipimo hivyo ndivyo rula yake. Kwenye mpasuko, mdomo umevutwa juu, hivyo lazima ushushwe ulingane. Kwa njia aliyoianzisha Mmarekani Ralph Millard miaka ya 1950, sehemu ya katikati huzungushwa ishuke, na ya pembeni husogezwa kuziba pengo. Misuli iliyojishikiza pasipostahili karibu na pua huachanishwa, kisha huungwa ili mdomo ufumbe vizuri.

Basi mchunguze mtoto mwenyewe, mchana, kwenye mwanga. Ukiona kwenye upande "mzima" kibonyeo kidogo ukingoni, au mstari mwembamba kama kovu unaopanda kuelekea pua, mwonyeshe daktari. Huenda upande huo nao umeguswa, na mpango ukabadilika. Mpasuko wa pande mbili ni kazi nyingine kabisa: hakuna upande wa kuigiza, kipande cha katikati hakina misuli yake, na mara nyingi ufizi umechomoza mbele. Usilinganishe picha za watoto hao na wako.

Kuhusu picha, angalizo: kamera ya mbele ya simu mara nyingine hugeuza pande. Ukimtumia daktari picha, andika kwa maneno "kulia kwa mtoto", maana kulia kwake ni kushoto kwako unapomtazama.

Mdomo mara nyingi hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kabla ya hapo lazima anyonye. Kama kaakaa, yaani paa la kinywa, ni zima, titi linawezekana, na upande una kazi hapa pia: mpasuko uelekee juu, titi lizibe pengo. Kwa mpasuko wa kulia, kwenye titi la kulia mlaze mtoto mbele ya kifua chako ukimshika kwa mkono wa kushoto; kwenye titi la kushoto mweke kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwako. Kaakaa likiwa limepasuka, omba msaada wa kumlisha mapema, usingoje uzito upungue.

Pua ndiyo itakayokusumbua macho baada ya mdomo kupona. Nguzo ya kati, inayotenganisha matundu ya pua, huwa imeinamia upande mzima, na bawa la upande wa mpasuko limelala. Upasuaji wa kwanza husaidia, lakini wengi hurekebishwa tena uso ukishamaliza kukua.

Na kama ufizi nao umepasuka, hapo patahitaji kupandikizwa mfupa, aghalabu kati ya miaka 8 na 11, kabla chonge ya upande huo haijatoka. Familia nyingi huwa zimeshaacha kliniki kufikia umri huo kwa kuwa mdomo unapendeza. Msiache, daktari wa meno aendelee kumwona.